Safari ya siku moja kutoka Iringa mjini hadi nguzo za Isimila: mwongozo kamili

Abiria wa mabasi ya Mbeya hupita karibu na Isimila kila siku bila kujua wamepita wapi. Ukiwa dirishani huoni kitu isipokuwa mashamba, vichaka na kibao cha njia panda, kwa sababu nguzo za Isimila, za asili za mchanga na udongo, hazikuinuka juu ya nchi kama mlima unavyoinuka. Zimesimama ndani ya korongo, na vilele vyake havipishani sana na usawa wa mashamba yanayolizunguka korongo hilo. Mgeni huyafikia maajabu yenyewe kwa kushuka, na ndiyo maana safari hii, ingawa ni fupi, inahitaji mtu wa kuiongoza.

Wageni wengi hukosea mpangilio. Hufika, hukimbilia nguzo, hupiga picha, hugeuza gari. Ushauri wa mwongozo huu ni kwamba nguzo ziwe za mwisho kutazamwa korongoni, baada ya zana za mawe zilizotawanyika chini, kwa kuwa maji yaliyochonga nguzo ndiyo hayohayo yaliyozifukua zana, na mtu asiyeziona zana kwanza ataziona nguzo kama pambo tu. Ukifuata mpangilio huo, siku nzima hujipanga kwa umri: asubuhi utakuwa na vitu vya miaka laki kadhaa, mchana utakuwa katika karne ya 19 ya Mtwa Mkwawa, yaani chifu wa Wahehe, na jioni utarudi katika mji wa leo.

Hatua ya kwanza: chagua majira

Mvua za Iringa huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili hivi. Miezi mizuri ya kushuka korongoni ni Juni hadi Oktoba, wakati sakafu yake ya mchanga ni kavu na majani hayazuii macho. Hata hivyo, Juni na Julai baridi ya Iringa si ya mchezo. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, upepo wa alfajiri hupenya shati jepesi, na mgeni aliyetoka Dar es Salaam na kandambili zake atajuta kabla ya kupata chai. Oktoba nayo huleta joto na vumbi.

Usishuke korongoni mvua inaponyesha, wala mawingu mazito yanapoonekana upande wa juu wa bonde. Korongo ni mkondo wa maji. Maji yakija hayaulizi nani yuko ndani. Zaidi ya hayo, nguzo zenyewe ni za mchanga na udongo ulioshikana, na kuta zikilowa vipande huweza kumeguka bila kutoa sauti ya kuonya.

Hatua ya pili: tafuta mwongozaji na mwafikiane kila kitu

Kuna waongozaji wa namna mbili, nao hawafanyi kazi moja. Wa kwanza ni yule unayekubaliana naye mjini, mara nyingi kupitia hoteli au kampuni ya watalii, ambaye huja na gari na kukuzungusha siku nzima. Wa pili ni mhudumu wa kituo cha Isimila anayekupokea pale ofisini na kushuka nawe. Wa kwanza anajua barabara, bei na mahali pa kula. Wa pili ndiye anayejua kwamba jiwe ulilotaka kulikanyaga ni shoka la mkono. Mtu mwenye bajeti ndogo anaweza kumwacha wa kwanza akasafiri kwa daladala, lakini asimwache wa pili hata akiambiwa njia ni rahisi.

Unapozungumza na mwongozaji wa mjini, muulize kama bei aliyotaja inajumuisha mafuta, viingilio vya vituo vyote, chakula cha mchana na muda wa gari kusubiri. Swali la mwisho ndilo linalosahaulika. Mimi mwenyewe niliwahi kukodi teksi kwa bei nzuri ya kwenda na kurudi, nikakaa korongoni saa mbili na nusu, na niliporudi nikamkuta dereva amekunja uso akidai malipo ya kusubiri ambayo hatukuyataja hata mara moja. Hakuwa mwizi, sisi wawili tulikuwa tumepatana nusu ya mapatano. Tangu siku hiyo huandika kila kipengele kwenye ujumbe wa simu na kumtumia mwenzangu athibitishe kabla hatujaondoka.

Viingilio vya raia, wageni wakazi na wageni wa nje havilingani, kwa hiyo beba kitambulisho. Uwe na salio kwenye simu pia, kwani vituo vya serikali hupokea malipo kwa namba ya kumbukumbu, na kusimama getini ukihangaika kutafuta wakala ni kuipoteza asubuhi nzuri bure.

Hatua ya tatu: fungasha

Viatu vilivyofungwa, vyenye soli inayoshika mchanga, ndivyo vya kwanza. Kofia ni ya lazima kwa kuwa kivuli ndani ya korongo hutegemea saa. Beba maji ya kutosha, angalau lita moja na nusu kwa kila mtu, na kitafunwa, maana hapo si mjini. Sweta ivae asubuhi, uifunge kiunoni kuanzia saa nne.

Hatua ya nne: ondoka mapema

Panga kuondoka mjini saa moja na nusu asubuhi. Mji wa Iringa umekaa juu ya kilima, na barabara inateremka kwa kona hadi Ipogolo, ng'ambo ya bonde la Ruaha Mdogo, inakokutana na barabara kuu. Shika uelekeo wa Mbeya. Isimila iko umbali wa kilomita 20 hivi kutoka mjini, nayo njia panda iko upande wa kushoto au kulia kulingana na unakotoka, basi jambo la salama ni kutazama kibao na kumwambia dereva mapema. Kutoka lami kuna barabara fupi ya vumbi hadi ofisi ya kituo.

Kwa anayetumia usafiri wa umma, daladala zinazoelekea Tanangozi na Ifunda, pamoja na mabasi madogo ya Mafinga, hupita njia panda hiyo. Mwambie kondakta unapopanda, si unapokaribia, kwamba unashuka Isimila, kisha umkumbushe mkishavuka Ipogolo. Kipande cha vumbi utakitembea kwa miguu. Wakati wa kurudi utasimama kando ya lami na kupunga mkono. Mchana magari hayakosekani, lakini jioni mengi huja yamejaa hadi mlangoni, kwa hiyo usiiache safari ya kurudi hadi jua lizame.

Hatua ya tano: zana kabla ya nguzo

Ukishaandikisha jina na kulipa, ingia kwanza katika makumbusho madogo ya kituo. Ni chumba cha kutazamwa kwa dakika ishirini, na mtu mwenye haraka hukiruka. Usikiruke, kwani hapo ndipo macho yako yanapofunzwa kitu cha kutafuta.

Historia ya ugunduzi wenyewe ni fupi. Mwaka 1951 mwanafunzi aliyekuwa safarini kutoka Nairobi kwenda Johannesburg, D. Maclachlan, aliokota zana za mawe hapa na kuondoka nazo. Uchimbaji mkubwa ulifanyika mwaka 1957 na 1958 chini ya F. Clark Howell, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mfupa uliopimwa baadaye kwa njia ya urani ulitoa umri wa miaka 260,000 hivi, na zana zenyewe ni za Zama za Mawe za Kale: mashoka ya mkono, mapanga ya mawe yenye makali mapana mbele, vikwaruzo, na mawe ya duara. Ilikutwa pia mifupa ya wanyama, ukiwemo ule wa kiboko wa jamii iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa kiasi cha kumwezesha kutazama huku mwili wote ukiwa majini.

Kiboko huyo ndiye anayeeleza yote, kwa maana palipo na kiboko pana maji. Hapa palikuwa na ziwa dogo au kidimbwi kikubwa, na watu wa kale walikaa kandokando yake wakichinja, wakikata na kuchonga. Mchanga na udongo uliosombwa na maji ulilifukia ziwa hilo tabaka juu ya tabaka, hadi likajaa unene wa mita 18 hivi, zana zikiwa katikati ya matabaka kama zabibu ndani ya keki. Baada ya muda mrefu sana mkondo wa Isimila ukaanza kuyakata matabaka hayo kutoka juu kwenda chini. Jambo hilo likiwa kichwani, sasa shuka.

Njia ya kwanza inakupeleka kwenye bonde dogo ambamo zana zimeachwa zilipokutwa, nyingine zikiwa chini ya vibanda vya kuzikinga na mvua. Mwombe mwongozaji akuoneshe shoka moja la mkono kwa karibu, kisha litazame bila haraka. Umbo lake ni kama tone la maji: kitako ni kinene na cha mviringo, ncha ni nyembamba. Pembeni pana makovu madogo yaliyobonyea, moja baada ya jingine, upande huu na upande ule, na kila kovu ni pigo moja la jiwe jingine. Ukiyahesabu utaona kwamba mchongaji hakuwa akibahatisha. Alipiga upande mmoja, akaligeuza jiwe, akapiga mwingine, hadi ukingo ukanyooka. Kitako kingekaa katikati ya kiganja chako na kidole gumba kingepata pa kuegemea bila kutafuta. Baadhi ya zana ni za kwazi, nyingine za itale na miamba mingine migumu isiyotokana na mchanga wa hapa, maana yake mtu alitoka, akachagua jiwe, akalileta.

Hapa ndipo pa kusema jambo la sheria. Usiokote kitu, hata kipande kidogo cha ukumbusho. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda eneo hili, lakini hata kama isingekuwepo, zana ikishatolewa mahali pake hupoteza karibu kila kitu inachoweza kusema. Umri wake unajulikana kwa tabaka ililolalia, si kwa sura yake. Wapo wanafunzi wanaodhani kwamba kwa kuwa zana ni nyingi mno, moja haina hasara. Mwongozaji mzuri atakusanya kundi lake kabla ya kuondoka na kuuliza kwa upole kuhusu mifuko, na mgeni asiudhike.

Hatua ya sita: ndani ya korongo la nguzo

Kutoka bonde la zana, mwongozaji atakupeleka kwenye korongo kubwa. Omba msimame kwanza ukingoni mwa juu. Kutoka pale utaona jambo ambalo ukiwa chini huwezi kuliona: vilele vya nguzo nyingi viko katika usawa unaokaribiana, kwa sababu zamani vyote vilikuwa sehemu ya uwanda mmoja. Hakuna aliyezijenga nguzo kwenda juu. Maji yalichukua kilichokuwa katikati yake, nazo zikabaki.

Kisha mteremke. Chini, mchanga ni laini na mwendo ni wa polepole, nazo kuta hukuinukia pande zote kwa rangi ya kahawia, kijivu na wekundu uliopauka. Nyingine ni ndefu kuliko nyumba ya ghorofa mbili. Baadhi zimesimama peke yake kama walinzi, na nyingine zimeshikana migongo kama safu ya filimbi. Sauti za watu hapa hushuka zenyewe, na jambo hilo nimeliona hata kwa watoto wa shule walioingia wakipiga kelele.

Chagua nguzo moja uisome kutoka juu kwenda chini. Kileleni mara nyingi utaona kofia, yaani kipande cha tabaka gumu zaidi kuliko lililo chini yake. Kofia hiyo ndiyo mwavuli: tone la mvua likianguka juu yake hutiririka pembeni, na udongo ulio chini yake moja kwa moja huokoka wakati wa jirani unaliwa. Ubavuni utaona mifereji membamba ya wima, upana wa kidole au mkono, ambayo kila mvua huiongezea kina kidogo. Chini kabisa pana rundo la mchanga uliokwisha kumomonyoka, na ukiinama utakuta ndani yake kokoto zilezile ulizoziona juu katika tabaka. Tafuta pia nguzo iliyokwisha kupoteza kofia. Utaitambua kwa ncha yake iliyochongoka na mabega yaliyoteremka, nayo ndiyo itakayotangulia kuanguka.

Ukishaelewa hivyo, katazo la kupanda nguzo halihitaji kuelezwa. Kiganja kikiegemezwa tu, vumbi hutiririka. Mguu ukitafuta pa kukanyagia, hubomoa katika sekunde moja kazi ya mvua za miaka mingi. Wale wanaochora majina ukutani kwa kijiti wajue kwamba maandishi yao hayatadumu, ila mtaro walioufungua utapokea maji ya msimu unaofuata.

Kuhusu picha, saa ya kuja ni kabla ya saa nne asubuhi. Jua likiwa bado upande, kila mfereji wa nguzo hupata kivuli chake na umbo hujitokeza. Saa sita jua likiwa utosini, korongo lote huwa bapa na jeupe, na picha hutoka kama ukuta wa udongo. Mweke mtu mmoja karibu na kitako cha nguzo ili anayeitazama picha apate kipimo cha urefu. Mzunguko wote, zana na nguzo, kwa mwendo wa kusimama na kuuliza, huchukua saa mbili hivi. Mwenye matatizo ya magoti aombe kubaki ukingoni juu, ambako mandhari peke yake inatosha kumlipa safari yake.

Hatua ya saba: mchana, Kalenga

Rudini mjini kwa chakula, kisha mshike barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Kalenga iko kilomita 15 hivi kutoka mjini, nayo haiko kwenye barabara ya Isimila. 

Hapa ndipo palipokuwa na ngome ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe, na jina la Iringa lenyewe linatokana na neno la Kihehe lilinga, lenye maana ya ngome. Tarehe 17 Agosti 1891 majeshi yake yaliliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski huko Lugalo. Wajerumani walirudi mwaka 1894 na mizinga, wakaibomoa Kalenga mwishoni mwa Oktoba, lakini Mkwawa aliponyoka na kuendelea kupigana msituni hadi Julai 1898, alipojiua kuliko kukamatwa. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Fuvu hilo lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, iliyoitaka Ujerumani ilikabidhi ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa zaidi ya miaka 30. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, ndiye aliyelifuatilia katika makumbusho ya Bremen, akalichagua miongoni mwa mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu wa Mkwawa, na tarehe 19 Juni 1954 likakabidhiwa kwa Wahehe chini ya mjukuu wake, Chifu Adam Sapi. Lipo Kalenga hadi leo, ndani ya kioo. Ingia kwa adabu ya kuingia msibani. Uliza kabla ya kupiga picha, na kofia ivuliwe. Mlambalasi, mahali alipofia na kuzikwa kiwiliwili chake, iko mbali zaidi katika uelekeo huohuo, na kuiongeza siku hiyohiyo ni kuiharibu Kalenga na Mlambalasi kwa pamoja. Iachie siku yake.

Hatua ya nane: jioni, mjini

Ukirudi kabla ya saa kumi, pitia makumbusho ya Iringa Boma, yaliyo katika jengo la enzi za Wajerumani, kwa ajili ya kuona maisha ya watu wa mkoa huu, kuanzia vyungu hadi vikapu vya milulu. Vikapu hivyo utavikuta pia vikiuzwa karibu na Soko Kuu. Kikapu imara ni kile ambacho ukikibonyeza mdomo hurudi chenyewe katika mviringo wake.

Maliza juu ya Gangilonga, jiwe kubwa lililo juu ya mji, ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Wazee husimulia kwamba Mkwawa alikuwa akienda hapo kutafakari, na kwamba jiwe ndilo lililompa habari za Wajerumani waliokuwa njiani. Panda saa kumi na moja na mwenzako au mwongozaji, usiwe peke yako, na teremka kabla ya giza kuingia. Ukifika wakati wa msimu wa mvua na ukakaribishwa ulanzi, yaani pombe ya mianzi, anza na mtogwa, ambao bado ni mtamu na haujachachuka. Na uwe wa jioni hii, si wa asubuhi kabla ya korongo.

Kutoka juu ya jiwe utaiona barabara ya asubuhi ikiteremka Ipogolo na kupotelea kusini-magharibi. Isimila yenyewe hutaiona.